Ndoo za koki mlizipeleka wapi? Barua ya wazi kwa makanisa ya Dodoma

Wapendwa, mbukwenyi. Bwana Yesu asifiwe.

Nina hasira, na ninaandika kabla haijapoa. Wahudumu wa afya wamepita na kipaza sauti wakitangaza kipindupindu mtaa wa pili, nasi msibani tukawekewa beseni moja. Mchungaji akanawa, wazee wakanawa, watoto wakanawa, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha mikono hiyohiyo ikaingia kwenye sinia la wali. Nikauliza ndoo za koki ziko wapi. Kijana mmoja akacheka: "Bibi, zile za korona? Ziko stoo." Nikaenda kuziona. Moja imejaa misumari ya fundi, nyingine imeng'olewa koki. Sasa mwaka 2020 tulipopanga foleni pale getini tulikuwa tunaogopa nini, ugonjwa au mtendaji?

Lakini la beseni ni dogo. Kinachonikosesha usingizi ni huku kulaza wagonjwa kanisani. Nimekuwa muuguzi, nimeyaona: mama amewekwa kwenye mkeka mbele ya madhabahu, wenzake wanaimba usiku kucha, macho yake yameshazama, ukimfinya ngozi hairudi, na zahanati iko ng'ambo ya barabara! Kipindupindu hakisubiri mkesha uishe. Mtu anaweza kukaukiwa maji akafa ndani ya saa chache. Ombeni, wanangu, sijakataza. Ila ombeni mkiwa njiani, na mgonjwa awe anakunywa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo bila kuacha. Na anayesema kwenda zahanati ni kukosa imani aje aniambie mimi, tena aje na Biblia, tufungue Wakolosai 4:14 tusome Luka alikuwa nani.

Mengine mnayajua. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Marehemu wa kipindupindu asioshwe nyumbani, waiteni watu wa afya. Chakula cha matanga kisimame kwanza. Kikombe cha pamoja kipumzike, vile vidogo vipo kabatini. Wengine hubeba vimelea bila kuharisha hata mara moja, kwa hiyo "mimi mzima" si sababu ya kutonawa. Anayeuguza mpelekeeni maji na kuni, na aliyepona asikalishwe benchi la peke yake.

Sasa choo. Kumbukumbu la Torati 23:13 inamwagiza mtu wa kambini achimbe, kisha afukie. Sisi tumechanga spika zinazosikika hadi mnadani, ila watoto wa shule ya Jumapili wanajisaidia korongoni, korongo lilelile tunalochimba visima wakati wa kiangazi. Mvua za Desemba zikishuka, zinatuletea vyote. Na wakubwa serikalini nao wasijione wamemaliza kwa kugawa vipeperushi. Bomba likikauka mwezi mzima, watu watanawa karatasi?

Nasikia kamati ya ujenzi inakusanya michango ya mnara wa kengele. Wangu ninao, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Mtaupata shimo la choo likishachimbwa.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Chamwino