Masanja hajui ya kesho: barua kwa mwanangu anayeandika riwaya

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Huku sote wazima, mama yako goti tu ndilo linamsumbua, na shangazi yako anasema umemsahau. Sura tatu ulizotuma zimefika na nimezisoma zote. Masanja nimempenda. Kijana wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi hapa Tabora, anakwenda pwani kwa sababu wenzake wameshakwenda na wasichana wanamcheka yeye aliyebaki: hapo umeshika jambo la kweli, maana enzi zile kijana wa Kinyamwezi asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Umeanzia pazuri.

Sasa tuingie kazini. Kuna ukurasa mmoja najua unaupenda kuliko yote. Masanja anarudi kutoka Bagamoyo, yuko Usagara, mwishoni mwa 1884, na njiani anapishana na Wazungu wanne. Ukaandika kwamba “alihisi ubaridi wa mnyororo ambao ungewafunga wajukuu zake.”

Ufute. Najua utanuna, lakini ufute. Mnyororo huo umeuona wewe, darasani, kwenye kitabu cha historia. Masanja hajakaa darasa hilo. Ni kweli kwamba Mjerumani Carl Peters na wenzake watatu walipita Saadani Novemba 1884, wakaingia Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za machifu kwenye karatasi, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda karatasi hizo. Lakini hayo yote tunayajua sisi tuliozaliwa baadaye. Masanja ameshawaona Wazungu. Mapadri wako Bagamoyo tangu 1868, wamisionari wa Kiingereza wako Mpwapwa, na wasafiri wanapita kila mwaka. Wazungu wanne waliochoka, wenye wapagazi wachache, wangemtia swali moja tu: hawa wanalipa doti ngapi za nguo?

Hiyo ndiyo kazi yote ya riwaya ya kihistoria kwa maoni yangu, mama. Mwandishi anajua mwisho, mhusika hajui. Kila mara ujuzi wako ukivuja ukamwingia yeye, msomaji anakuona wewe umesimama nyuma ya mti unampungia mkono.

Nikuulize basi: habari kubwa ya Desemba 1884 kwa mtu wa Unyanyembe ni ipi? Si Peters. Ni kwamba Mirambo amekufa. Mtu aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, akapigana na Waarabu wa Tabora miaka na miaka, akaufanya Urambo kuwa dola, amekufa mwezi huohuo uliouchagua wewe mwenyewe, na kwenye sura zako hatajwi hata mara moja! Na tazama uzuri wake. Msafara wa mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo ulichukua miezi mitatu hivi, na habari nazo zilitembea kwa miguu. Kwa hiyo Masanja yuko Usagara na Mirambo ameshazikwa, naye usiku bado anapanga atakimbilia wapi watu wa Mirambo wakivamia kijiji chao. Habari atakutana nayo mbele, labda Ugogo, kwenye kinywa cha mtu anayeshuka pwani. Sehemu ya wapagazi watashangilia, wengine watakaa kimya, kutegemea mtu anatoka kwa mtemi gani. Hapo una sura nzima, na hukulazimika kubuni hata tukio moja kubwa. Umebuni mtu tu, ukamweka mahali palipokuwepo.

Hayo mengine madogo nayapitia haraka. Ukurasa wa tisa kuna “nchi yetu ya Tanganyika.” Mwaka 1884 Tanganyika ni ziwa. Jina la nchi lilikuja 1920, walipolitoa Waingereza. Masanja ana kijiji, ana mtemi, ana Unyanyembe, na akifika pwani anajua kwamba bendera nyekundu ni ya Sayyid Barghash wa Unguja. Dar es Salaam usiipelekee meli kubwa kila wiki. Sayyid Majid aliianzisha miaka ya 1860, akafa 1870 haijakamilika, na shughuli zote za bara ziko Bagamoyo. Mzigo wa Masanja utoe kichwani uuweke begani: watu wa pwani ndio waliopenda kujitwika, Mnyamwezi alibeba begani. Na tajiri wako, Mwinyi Hatibu, anafunga Ramadhani mwezi wa Desemba. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwishoni mwa Juni. Miezi ya Kiislamu inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka wa Kizungu, kwa hiyo piga hesabu kabla hujaandika daku. Na hata ingekuwa Ramadhani kweli, msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Mtu mchamungu anayekataa ruhusa hiyo porini, na wapagazi wanamtazama, huyo angekuwa mhusika wa kupendeza.

Ninapotaka ukae muda mrefu ni kwenye nguo. Umeandika, “Masanja alilipwa vizuri.” Vizuri ni kiasi gani, na kwa kitu gani? Barani fedha ilikuwa nguo: merikani, kaniki, na zile za rangi zenye majina yake. Kipimo ni mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo thelathini na mbili, na juu yake anabeba mkeka wake, kibuyu chake na sufuria kama anayo. Posho ni kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha nguo akanunue mwenyewe vijijini. Pembe kubwa ya ndovu isiyowezwa na mtu mmoja inakwenda kwa mzegazega, watu wawili na mti katikati.

Sasa fikiri: kipimo cha fedha ni mkono wa binadamu, na mikono hailingani. Msafara umefika Ugogo, unadaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, na mtemi, maana Wagogo ndio wenye maji na bila maji hakuna anayepita. Mwinyi Hatibu anamwita mpimaji wake, kijana mfupi. Upande wa pili mtemi amemleta mtu mrefu kama mnazi na amemketisha mbele. Wanaanza kubishana ni mkono wa nani utapima. Jua linapanda, wapagazi wamekaa juu ya mizigo wakicheka, halafu kicheko kinakata kwa sababu maji ya vibuyuni yameanza kuisha na mbele yao kuna Mgunda Mkali, pori kavu. Ukiniandikia tukio hilo vizuri, sitahitaji aya ya kunieleza uchumi wa karne ya kumi na tisa. Zile aya zako mbili za kueleza uchumi, kwa kweli, nilizisoma nikapiga miayo.

Halafu liko jambo zito. Wapagazi wako wote umewafunga minyororo. Najua ulikotoa: ndivyo watalii wanavyoelezwa, na ndivyo picha za vitabuni zinavyoonyesha. Utumwa ulikuwepo, tena wa kutisha, na ingawa soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, biashara yenyewe iliendelea kwa njia za panya. Usiufiche hata kidogo. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa wingi wao walikuwa watu wa kuajiriwa. Walipatana ujira, walidai kitangulizi kabla ya safari, waligoma, walitoroka na mzigo wakiona wamedhulumiwa. Ukimfunga Masanja mnyororo unamnyang’anya kila uamuzi, na mhusika asiye na uamuzi hana riwaya. Mweke huru, kisha kwenye msafara huohuo weka mtu asiye huru, watembee njia moja, wanywe kisima kimoja. Acha msomaji awatazame wote wawili. Usimwambie alie wapi.

Unaniuliza vyanzo. Anza na waliokuwepo na waliandika kwa lugha yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika habari za desturi za Waswahili, kitabu kikatoka Ujerumani 1903 chini ya jina la Carl Velten, aliyekusanya maandishi hayo. Mle utakuta jinsi mtu anavyofunga safari, anavyokopa mali, anavyopata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Kabla yake, mwaka 1901, Velten huyohuyo alichapa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, akiwemo Selemani bin Mwenye Chande aliyezunguka bara. Soma polepole, si kwa kutafuta matukio, bali kwa kusikiliza sentensi zinavyokwenda. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu navyo visome, lakini kwa tahadhari. Burton alipita huku 1857 na dharau imejaa kurasa zake. Hata hivyo alihesabu kila kitu, bei, uzito, siku za mwendo, na hesabu zake zina faida kuliko maoni yake. Nyaraka za Kijerumani zilizoko Dar es Salaam hazitakusaidia kwa mwaka 1884, serikali yao ilikuwa haijaanza. Kwa kipindi chako nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani.

Wazee pia wapo, ila uliza vizuri. Ukimwuliza bibi “mababu waliteseka?” atakujibu “waliteseka sana,” maana ameona ndicho unachokitaka. Mwulize kwenye safari chakula alipika nani, nani alibeba chungu, mtu akiumwa njiani aliachwa na nani. Ndipo utajua kwamba wanawake walikuwemo misafarani, wake za wapagazi na wengine waliokwenda kwa shughuli zao. Dada yake Masanja, Nyamizi, umemwacha kijijini anasubiri. Kwa nini? Ana miguu.

Kuhusu mazungumzo: usiwape wahusika Kiswahili cha utenzi ati kwa sababu ni watu wa kale. Kati yao wanaongea Kinyamwezi, na wewe unatuletea kwa Kiswahili, basi kiwe Kiswahili cha watu wanaotaniana. Yaondoe tu maneno ambayo kitu chake hakikuwepo. Hakuna dakika tano. Kuna jua kufika pale, kuna muda wa kuiva ugali wa mtama.

Watu wa kweli watumie kwa adabu. Sewa Haji anaweza kuonekana, ndiye aliyejaza maghala na kutoa wapagazi Bagamoyo miaka hiyo, baadaye akajulikana kwa kujenga hospitali. Apite kwa mbali, akae dukani, karani wake azungumze. Usimpe dhambi asiyojulikana kuifanya, wala siri ya mapenzi. Dhambi zako zote mpe Mwinyi Hatibu, yeye hana ukoo utakaokuja kugonga mlango.

Umesema hutasubiri wachapaji, utatoa mwenyewe. Sikukatazi, mimi nilifanya hivyohivyo na sijutii. Lakini elewa unachokosa: mhariri. Hakuna mtu anayelipwa kugundua makosa yako. Kwa hiyo tafuta wako. Mpe mswada mtu mmoja anayeijua historia, mmoja anayeijua njia yenyewe kwa miguu yake, na mmoja asiyejua chochote ila anapenda hadithi. Huyo wa tatu ndiye atakayekuambia mahali alipolala usingizi. Bandika ukutani karatasi moja ndefu: juu tarehe za dunia, chini tarehe za Masanja, katikati mvua. Mvua usiisahau, masika bonde la Makata linageuka tope hadi kiunoni. Mwisho wa kitabu weka kurasa mbili za kumweleza msomaji nani alikuwepo kweli na nani umembuni. Wako watakaosema unaharibu utamu. Mimi naona ni deni, maana kijana anayeazima riwaya yako maktaba anaweza akawa hana kitabu kingine cha zama hizo. Namba ya kitabu unaipata Maktaba ya Taifa, na kwa kuanzia chapa nakala chache, ziishe mkononi mwako kabla hujarudi kwa mpiga chapa. Nakala zilizolala chini ya kitanda ni chakula cha mchwa.

Sura ya nne usiianze kwanza. Kwenye hizi ulizotuma, Mwinyi Hatibu umemwua njiani kwa homa, umemzika, umeandika machozi, kisha msafara ukaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mali yote ile ni ya mkopo, mwenyewe ni tajiri wa Kihindi aliyeko pwani. Wapagazi wamepewa nusu ya ujira tu. Kirangozi ameshika barghumu na hajui aipulize kuelekea upande gani, mbele au nyuma. Robota, yale mafurushi ya mali, zimepangwa chini, zimefungwa kwa kamba, na kila mtu anajua ndani kuna nini. Niandikie wiki ijayo, kabla ya kuandika kitu kingine chochote: nani anafungua robota la kwanza, na Masanja anasema nini?

Msalimie mumeo na wajukuu. Mama yako anauliza kama dawa ya goti inapatikana huko.

Ni mimi baba yako.