Kamera ya Kupanda Nayo Mlimani: Barua kwa Elinami

Arusha, 9 Juni

Ndugu yangu Elinami,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, kazi zinaenda, mtoto ameanza kutembea na sasa hakuna kitu studio ninachoweza kukiacha chini. Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, umwambie ndizi zilifika salama na zimeliwa zote.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kazini, nikaurudia usiku nyumbani. Unasema hela imetimia, msimu unaanza, na umebaki na mawili: Canon EOS R50 mpya pamoja na lenzi yake ya milimita 18-45 (namba ndogo inaona kwa upana, kubwa inavuta karibu), au ile kamera ya mfukoni, Sony RX100 iliyotumika. Unaniuliza ipi ndiyo kamera bora. Kama ungekuwa unafungua studio jirani na yangu ningekujibu palepale kwamba ni R50. Lakini wewe unaongoza wageni Kilimanjaro. Na uliandika pale mwishoni kwamba unataka picha za wapagazi na wapishi, kwa sababu kila mgeni anashuka na picha yake kwenye kibao cha Uhuru, na yule aliyembebea mzigo hana hata moja. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua. Naliona ni jambo kubwa, na kwa kazi hiyo nakushauri uchukue ile ndogo. Acha nikueleze sababu, maana nakujua, hukubali kitu kwa kuambiwa tu.

Wengi hapa mjini wanaamini kwamba mirolesi, hizi kamera zisizo na kioo cha ndani ambazo lenzi yake hubadilishwa, lazima ipige vizuri zaidi penye giza kwa kuwa sensa yake ni kubwa. Ni kweli sensa ni kubwa. Kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya R50 kina milimita 22.3 kwa 14.9, na cha RX100, kile wanachokiita cha inchi moja, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Zidisha mwenyewe: cha Canon kina eneo karibu mara tatu ya cha Sony. Muuzaji huishia hapo, habari ya lenzi haigusi. Lenzi ya 18-45 inayokuja na R50 haifunguki kupita f/4.5 ukiwa kwenye upana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana), na ukivuta hadi mwisho inabaki f/6.3. RX100 ya toleo la tatu inafunguka f/1.8 kwenye upana na f/2.8 ikivutwa. Tofauti ya f/4.5 na f/1.8 ni mwanga zaidi ya mara sita. Sasa viweke pamoja: sensa imepungua karibu mara tatu, lakini lenzi inapitisha mwanga mara sita. Kile kidogo kinaishia kukusanya mwanga karibu mara mbili ya kile kikubwa. Wewe umekulia penye mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, utanielewa: kihamba, yaani shamba la nyumbani, kikubwa chenye mfereji mwembamba kinaweza kupata maji machache kuliko kihamba kidogo chenye mfereji mpana.

Mambo yanageuka siku unapoongeza lenzi ya pili. Ivalishe R50 lenzi ya RF 50mm f/1.8, ya gramu 160 tu, na hapo inakusanya mwanga karibu mara saba ya RX100 iliyovutwa hadi mwisho. Nyuma ya mtu kunalainika, uso unabaki peke yake, macho yanang'aa. Hizo ndizo picha ninazolipwa kwenye harusi, na kwa kamera ya mfukoni siwezi kuzipata. Kwa hiyo kila anayekuja kuniuliza namwambia hivi: ukinunua mirolesi ya kuanzia bila kutenga hela ya lenzi ya pili, unalipia uwezo ambao hautauona kwenye picha zako. Na wewe umesema hela ni hiyohiyo, hakuna nyingine hadi msimu uishe.

Hata hiyo 50 isingekufaa sana kule juu. Kwenye R50 inaona kama lenzi ya 80 kwenye sensa kubwa kamili, yaani inasogeza vitu karibu. Nje ni nzuri mno kwa uso wa mtu. Ila ndani ya hema la jikoni huna pa kurudi nyuma. Mpishi amechuchumaa mbele ya jiko, wenzake wamejibana pembeni na vikombe vya chai, taa ni ya kichwani. Hapo unahitaji upana. Lenzi ya RX100, ikiwa kwenye upana wake wa 24 (kwa hesabu hiyohiyo ya sensa kubwa kamili) na f/1.8, ndiyo itakayomweka mpishi, sufuria, mvuke na wenzake ndani ya picha moja. Na ukishuka Marangu, jikoni kwa mama, penye moshi na mlango mmoja tu wa kuingizia mwanga, ni hivyohivyo.

Halafu kuna suala la mikono yako. RX100 ya tatu ina gramu 290 pamoja na betri na kadi, R50 na lenzi yake inapita 500. Gramu zenyewe hazinitishi, wewe unabeba makubwa zaidi. Ninachofikiria ni umbo. Ukiwa njiani unatazama mgeni gani anahema vibaya, nani kaanza kuyumba, na mkono mmoja uko kwenye fimbo. Kamera ya shingoni itakugonga kifua kutwa, na ukishaiweka begini haitatoka tena hadi kambini. Hii ndogo inakaa mfuko wa ndani wa koti, inatoka kwa mkono mmoja, inapiga, inarudi. Nimeona pia kwenye kazi yangu kwamba mtu akielekezewa kamera kubwa anajipanga na kufunga uso. Wapagazi wamezoea kamera kubwa za wageni na wanajua hazikuja kwa ajili yao. Ya kwako waione tofauti.

Baridi nayo usiidharau. Usiku wa kuondoka Kibo Hut kwenye mita 4,720 kwenda Uhuru kwenye 5,895, betri hupungua nguvu haraka, na ya RX100, NP-BX1, ni ndogo kwa asili. Hapa Canon ina nafuu: betri yake ni LP-E17, ileile ya Canon 750D na 800D, hivyo hata ya kuazima unaweza kupata. Kwa Sony nunua betri mbili za akiba tangu mwanzo, usisubiri, uzitunze karibu na mwili usiku kucha. Kamera pia ilale ndani ya koti, kitu ambacho R50 haiwezi. Ukiitoa kwenye baridi na kuingia penye joto, ifunge kwanza ndani ya mfuko usiopitisha hewa na uiache ipate joto taratibu, la sivyo ukungu utashika lenzi.

Vumbi ndilo linalonisumbua zaidi. Watu wanadhani kamera isiyobadilishwa lenzi haiingii vumbi. Inaingia. Lenzi inayotoka na kurudi inavuta hewa kila unapowasha, na pale kwenye tambarare kati ya Mawenzi na Kibo upepo unajaa mchanga mwembamba. Doa likikaa kwenye sensa ya R50 unafungua lenzi na kulipuliza kwa pampu ya mkono. Likikaa kwenye RX100 inabidi fundi aifungue kamera nzima, na fundi wa kuifanya kazi hiyo kwa usafi si rahisi kumpata. Hapo Canon imeshinda wazi, nakwambia ili uamue ukiwa unajua. Dawa yake ni kuishonea kifuko kisafi kisichotoa nyuzi, usiiache mfukoni pamoja na makombo ya biskuti, na upepo ukivuma iwashe ukiwa umeupa mgongo.

Ukikubaliana nami, angalia toleo, maana RX100 zote kwa nje zinafanana. Ya kwanza ilitoka 2012, ya pili 2013, hizo ziache kwa sababu hazina kidirisha cha kuchungulia na lenzi zake zinafifia ukivuta. Kuanzia ya tatu, ya 2014, walileta lenzi ya 24-70 niliyokueleza na kidirisha kinachochomoza juu. Ya nne, ya tano na ile ya VA wakaendelea na lenzi hiyohiyo. Ya sita na ya saba wakarefusha hadi 200, na mwanga ukapungua: zinaanzia f/2.8 na kufika f/4.5. Ni kamera nzuri na ni ghali, lakini si za hema la jikoni. Wewe tafuta kati ya ya tatu na VA. Kidirisha usikiachie hata muuzaji akikupunguzia bei, kwa sababu jua la mchana karibu na barafu hutaona kitu kwenye kioo cha nyuma.

Kwa sababu hiyohiyo sikupeleki kwenye Canon G7 X Mark III, ambayo lenzi yake ni safi sana ila haina kidirisha, na tangu vijana wa TikTok waipende bei imepanda isivyo kawaida. Ricoh GR III ni ndogo kuliko zote, gramu 257, na sensa yake ni kubwa kama za mirolesi. Ningekuwa natembea mitaa ya Arusha peke yangu ningeichukua hiyo. Lakini nayo haina kidirisha, na haina zumu kabisa. Zile kompakti za bei ya chini zenye sensa ndogo mno usizitazame, simu yako inazishinda.

Kuna hali moja tu ambayo ingenifanya nibadilishe ushauri. Kama lengo lako kubwa lingekuwa video za kutangaza safari zako, wewe ukiongea mbele ya kamera, ningesema R50 bila kusita. Ina tundu la maikrofoni, na RX100 hizo za tatu hadi VA hazina. Upepo wa mlimani ungeua sauti yako yote.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote, kwa kamera yoyote utakayonunua. Kamera inapima mwanga kwa kutafuta wastani. Ukimsimamisha mpagazi mwenye ngozi nyeusi mbele ya wingu jeupe au barafu, kamera inaona weupe umezidi na kuitia picha giza, na uso wake unapotea. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za wageni wapagazi wanaonekana vivuli tu huku mlima ukiwa umetoka vizuri. Usikubali hilo. Ongeza mwanga mwenyewe kwa kile kipimo cha jumlisha na toa, anza na jumlisha 0.7, fika 1 au zaidi kama nyuma kunang'aa sana. Wingu likipotea, lipotee, uso ubaki. Mgeuze mtu aelekee kwenye mwanga. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana, ili nikifungua faili hapa studio niweze kuinua vivuli bila picha kuharibika.

Na mchana, kofia ikiwa imefunika macho, chomoza fleshi ya RX100. Shata yake, lile pazia linaloruhusu na kuzuia mwanga, imekaa ndani ya lenzi, kwa hiyo inakwenda pamoja na fleshi hata kwenye kasi kubwa sana, wakati R50 inaishia 1/250 ya sekunde. Ni fleshi ndogo, haifiki mbali, ila mtu aliye hatua mbili mbele yako itamfungua macho yote chini ya jua la saa saba.

Ukienda kuikagua, usiwe na haraka. Iwashe na kuizima mara nyingi ukisikiliza: lenzi itoke bila kukwaruza wala kusita. Chomoza kidirisha na fleshi uone vinasimama. Funga lenzi hadi f/11, piga anga tupu, ukuze picha utafute madoa. Angalia betri isiwe imevimba. Na fungua menyu uangalie lugha, kwa sababu Sony zinazouzwa kwa soko la ndani la Japani huja na Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha. Kabla hujatoa hela nipigie simu ya video nione mwenyewe, hata kama ni saa za kazi.

Megapikseli 20 zinatosha kuchapa hadi saizi ya A3, kwa hiyo hilo lisikupe wasiwasi. Za wapagazi tutachapa saizi ya postikadi, na mimi nitachukua hela ya karatasi na wino tu. Kila safari niandikie majina yao kwa mpangilio wa picha, na nani ni wa kijiji gani, ili bahasha zisichanganyike. Nitazipakia kwenye Coaster ya jioni na utazipokea Moshi stendi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Hamisi