Barua kwa Mjomba: Safari Hii Uhudumiwe Wewe

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na masika yamekwisha bila kuharibu paa. Huku Nairobi hatujambo, ni baridi ya Julai tu inayotutesa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kila nikikutajia ule mkahawa mdogo wa mvinyo wa Kiitaliano hapa Kileleshwa unaniambia, "Mpwa wangu, pale si petu," halafu unauliza habari za watoto. Leo hutanikatiza. Najua pia wapo wajomba wengine wengi, kuanzia Diani hadi Malindi, waliopika chakula cha Waitaliano maisha yao yote na hawajawahi hata siku moja kukiagiza wakiwa wamekaa. Wenye wajomba kama hao nao wasome.

Kwanza nikueleze palivyo, maana nadhani unawazia zile hoteli za ufuoni zenye bwawa la kuogelea na askari getini. Hapa hakuna geti. Ni chumba kimoja kilichokuwa duka la dawa, katikati ya kinyozi na fundi viatu, na meza nyingine ziko nje chini ya mjakaranda. Menyu huandikwa kwa chaki ubaoni, na kitu kikiisha kinafutwa. Jiko liko wazi nyuma ya kaunta, unamwona mpishi kila anachofanya. Wanaokula ni majirani: mwalimu wa shule ya pale juu, mama mmoja wa makamo anayekuja peke yake na gazeti lake, vijana wanaotoka kazini. Muziki upo, lakini haushindani na maongezi.

Mpishi ni kijana wa Malindi. Kiitaliano chake ni cha jikoni kama chako. Nilipomwambia kwamba mjomba wangu alipika Watamu miaka ya 1980 aliweka kisu chini akaniuliza, "Hoteli gani?" Nilipoitaja akasema mzee aliyemfundisha yeye kazi alifundishwa pale pale. Inawezekana kabisa ni mmoja wa vijana wako.

Watoto wangu waliniuliza imekuwaje watu wa Malindi wanazungumza Kiitaliano. Nikawaeleza kama ulivyonieleza wewe: kwamba wataalamu wa Italia walikuja Ngomeni, karibu na Malindi, miaka ya 1960 wakasimika baharini majukwaa yao ya kurushia roketi, na kwamba tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Wakaja watalii, zikajengwa hoteli, na hoteli zikahitaji wapishi. Mkaingia nyinyi. Chakula hiki kina jasho lenu ndani yake, Mjomba, na kimekuwa na jasho lenu tangu kabla mimi sijazaliwa. Ndiyo maana ukiniambia pale si petu, sikubali.

Ukija, agiza spageti carbonara. Nakumbuka ulivyotufundisha mimi na marehemu mama: mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga, nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na maji kidogo ya ile pasta. Krimu hapana. Ulikuwa ukisema mpishi anayetia krimu anaogopa mayai yake yatagandana. Nairobi nimekula carbonara nyingi zinazoogelea kwenye krimu, na kila mara nimekukumbuka. Huyu kijana anaondoa kikaango motoni kwanza, anangoja joto lipungue, ndipo anamimina mayai na jibini huku akikoroga na kudondoshea maji ya pasta, mpaka rojo linashika kila uzi na linang'aa. Nyama ya shavu haipatikani kila wiki. Ikikosekana anaandika ubaoni kwamba leo ni bekoni, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Kuna jambo moja ambalo Watamu hukuwahi kulikuta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji huku yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Pakiti ikisema dakika 10, usiifuate. Kijana huongeza dakika mbili tatu, na hatazami saa: anavuta uzi mmoja, anauma, anaangalia katikati kama bado kuna kidoa cheupe. Ningependa umwone akifanya hivyo, kisha uniambie kama wewe ungeitoa mapema zaidi.

Sasa mvinyo, ambao najua ndio unaokutia wasiwasi. Uliniambia hujui kuzungusha glasi kama wale wageni. Mjomba, wewe mangweni ukipewa mnazi unatambua kama umegemwa asubuhi au jana jioni, umetoka kwa mgema yupi, na kama kuna mtu ameutia maji. Mvinyo unataka ulimi ule ule, ila saa zimekuwa miaka. Tembo la mnazi linaanza kuchacha likiwa bado juu mtini, na kesho yake limeshakuwa kali. Maji ya zabibu nayo yanachacha, kisha mvinyo unafungiwa mahali utulie. Mvinyo wa Barolo, wa kule Piemonte, Italia, hauruhusiwi kuuzwa kabla miezi 38 haijapita, na 18 kati ya hiyo lazima ukae ndani ya mapipa ya mbao. Hebu fikiria mgema wa kwetu akiambiwa angoje hivyo!

Barolo ni ghali, tusianze na huo. Ukichukua pasta ya nyanya nitakuagizia Chianti Classico, utautambua kwa jogoo mweusi aliye shingoni mwa chupa. Mipaka ya kwanza ya eneo la Chianti iliwekwa mwaka 1716 kwa amri ya mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, na leo sheria inataka angalau asilimia 80 ya zabibu za mvinyo huo ziwe aina ya Sangiovese. Una ukali fulani unaochangamsha ulimi, ndiyo sababu unakwenda na nyanya. Mvinyo mlaini ukinywewa na mchuzi wa nyanya unapooza mdomoni, hauna ladha yoyote. Ukishikilia carbonara, basi watakupa mweupe, Frascati wa karibu na Roma.

Mhudumu ataleta chupa, ataifungua mbele yako, atamimina kidogo kabisa kisha atasimama. Hapo ndipo watu wengi huingiwa na hofu, wakadhani wanapewa mtihani. Anataka tu unuse kama kizibo kimeuharibu. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo unanuka kadibodi iliyolowa, na pua yako, iliyokuwa ikimtambua samaki wa jana kutoka mlangoni, haitakosa. Ukiwa mzima, itikia kwa kichwa naye atamimina. Kama hutaki chupa, wanauza kwa glasi. Kama hutaki kabisa, kuna maji na juisi, na hakuna atakayekukazia macho.

Bei sitakuficha. Glasi moja inakaribia shilingi elfu moja na sahani ya pasta inazidi hapo. Chupa imetoka Italia kwa meli, imeshukia Mombasa, imelipiwa ushuru na VAT ya asilimia 16, ndipo ikapanda huku. Nyanya za Kirinyaga na jibini ya Limuru zinapunguza gharama kidogo, na rehani wanaipanda wenyewe kwenye makopo hapo nje, lakini bado si chakula cha kila siku, hata kwangu. Ila hesabu hiyo si yako. Ada yangu ya shule ililipwa na mikono iliyokuwa ikirudi nyumbani saa sita usiku inanuka kitunguu saumu. Niachie nilipe.

Kuna jambo ambalo mama alinisimulia kabla hajafariki, na sijawahi kulitaja mbele yako. Alisema kule kazini mlikuwa mkila mmesimama, nyuma karibu na mapipa ya taka, ugali na maharage, huku sahani mlizopika zikipita mbele yenu kwenda ukumbini. Siku moja ulimwomba meneja wapishi wakae japo mara moja kwa mwaka wale wanachouza. Akakujibu kwamba kuonja kwa kijiko kunatosha. Sijui kama bado unalikumbuka jibu hilo, lakini mimi linaniuma hadi leo. Ulionja kwa kijiko miaka yote hiyo. Chumvi imetosha, pasta imeiva, peleka. Sahani nzima, mezani, na kitambaa mapajani, na mtu wa kukuuliza kama umeridhika, hujapata. Siwezi kumrudisha yule meneja akakuombe radhi. Ninachoweza ni kukuvutia kiti.

Agosti una kliniki ya macho huku. Panda treni ya mchana kutoka Miritini, nitakupokea Syokimau, na nauli nitaituma kwa M-Pesa mapema usije ukaanza kuuza kuku. Tutakwenda Jumatano, siku ambayo wateja si wengi na kijana ana nafasi ya kuongea. Tutachukua teksi kwenda na kurudi. Suti ya harusi iache nyumbani, shati lako la mikono mifupi na sweta vinatosha.

Kijana nimeshamwambia unakuja. Alitaka kujua kama utakubali kuingia jikoni umkague kazi. Nikamjibu labda baada ya kahawa, kwanza unakaa, kwenye kiti kinachotazama jiko, na chakula kinaletwa mpaka mbele yako. Ameandika jina lako kwenye daftari la nafasi na anangoja tarehe.

Nitakupigia Ijumaa baada ya taarifa ya habari. Msalimie mkaza mjomba, na mwambie kiti cha pili ni chake akitaka kuja.

Mpwa wako,
Kileleshwa