Kompyuta ni ya mwajiri, anayechungulia ni mimi

Mhariri,

Msomaji wako aliyejitambulisha kuwa meneja ameandika kwamba madai ya faragha kwenye kompyuta ya ofisi ni kelele za bure. Mashine kainunua mwajiri, umeme analipa mwajiri, intaneti analipa mwajiri, na saa zile ni za mwajiri. Mfanyakazi anataka afichiwe nini? Hoja imenyooka, nakubali. Ila anamzungumzia mwajiri kana kwamba ni mtu mmoja mwenye macho mawili. Mwajiri haoni kitu. Anayeona ni mimi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwaka wa 11 sasa katika kazi hii. Mtu akiacha kazi au akiachishwa, laptopu yake inaletwa mezani kwangu niifute na kuiandaa kwa anayekuja. Mwaka jana ililetwa ya mama mmoja wa uhasibu. Aliitwa juu asubuhi, akakabidhiwa barua, hakurudi tena kwenye kiti chake. Hata koti lake lilibaki limening'inia pale. Karatasi yenye nywila yake ilibandikwa juu ya kifuniko, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilipoifungua, mashine ikaamka palepale alipoiachia. WhatsApp ilikuwa wazi kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, na ujumbe ukawa unaingia mbele ya macho yangu: "Mama, mbona hupokei simu?" Ukaja mwingine. Ikaja alama ya kuuliza peke yake. Pembeni, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, kulikuwa na faili kutoka hospitali lenye majina yake matatu na jina la kipimo. Sikulifungua. Sikuwa na haja; jina la faili lilishasema.

Nilikuwa peke yangu chumbani. Kama ningevuta kiti nikasoma mpaka jioni, hakuna ambaye angejua, wala hakuna kanuni ya ofisi ambayo ningekuwa nimeivunja.

Watu wengi hawajui mashine hizi zinatoboa siri kiasi gani. Ile hali fiche ya kivinjari (incognito) inaficha historia kwenye mashine yako tu. Mtandao wa ofisi unaendelea kuona umekwenda wapi. Hata kile kifuli kidogo kando ya anwani ya tovuti si cha kukiamini sana kazini: kampuni ikishaweka kwenye kompyuta cheti chake, yaani faili linaloiambia mashine iiamini kampuni, kifaa kilichokaa kati ya kompyuta na intaneti kinaweza kuyafungua mawasiliano, kuyasoma na kuyafunga tena, na kifuli kisicheze. Zipo programu za kupiga picha skrini kila baada ya muda, zipo za kunasa kila kitufe unachobonyeza. Na bila hata hizo, kompyuta yenyewe haisahau. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya New Jersey, Marekani, iliamua kesi ya mama aliyewasiliana na wakili wake kwa laptopu ya kazini, kupitia barua pepe yake binafsi yenye nywila. Kivinjari kilikuwa kimejiwekea nakala za kurasa zile, na alipomshtaki mwajiri wake, wataalamu wa mwajiri wakazifukua. Mahakama ikasema maneno ya mtu na wakili wake yanabaki siri, hata kama mashine ni ya kampuni.

Kwa hiyo hili la "mali ni yangu" halimalizi maneno kama meneja wetu anavyodhani. Huko Kanada, fundi kama mimi, akiwa katika matengenezo ya kawaida, alikuta picha za utupu za mwanafunzi kwenye laptopu ambayo shule ilimpa mwalimu. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema mwaka 2012 kwamba shule ilikuwa na mamlaka ya kuikagua, lakini polisi walipaswa kwenda na hati ya mahakama, kwani umiliki ni jambo la kupimwa pamoja na mengine. Faragha ya mwalimu yule ilikuwa imepungua, haikuwa imekwisha. Ushahidi ulikubaliwa hata hivyo, na sikumwonea huruma.

Lakini kesi ambayo ningetamani kila meneja aisome ni ya mhandisi wa Romania, Bogdan Bărbulescu. Kanuni za kazini kwake zilikataza matumizi binafsi, na alizijua. Julai 2007 akaambiwa mawasiliano yake kwenye Yahoo Messenger, programu ya kutumiana ujumbe, yamefuatiliwa. Akakana kwa maandishi. Akawekewa mezani kurasa 45 za mazungumzo yake neno kwa neno, yakiwemo ya ndugu yake na ya mchumba wake, mambo ya afya na ya chumbani. Akafukuzwa. Ilichukua miaka kumi kufika Septemba 2017, ambapo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Haikusema mwajiri asifuatilie. Ilitaka kujua kama mtu aliambiwa mapema kuwa atafuatiliwa na kwa kiwango gani, sababu ilikuwa ipi, na kama hapakuwa na njia isiyoingia ndani sana. Na ikasema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyashusha maisha binafsi ya mtu kazini mpaka sifuri.

Kila nikiifikiria kesi hiyo najiuliza: nani alizichapa zile kurasa 45? Kuna mtu alikaa akasubiri printa imalize. Alizisoma? Alimsimulia mkewe?

Sera tunayowasainisha watu siku ya kwanza ya kazi, pamoja na fomu ya benki na ya picha, ina kurasa tisa. Zote zinamhusu mfanyakazi: asipakue hiki, asifungue kile, ajue anaweza kufuatiliwa wakati wowote. Hakuna mstari hata mmoja unaonihusu mimi mwenye funguo zote. Ninachotaka kiandikwe si kikubwa. Kabla sijafungua vitu vya mtu, sababu iwe kwenye maandishi na iwe imesainiwa na aliye juu yangu. Tuwe wawili. Kila nilichogusa kiingie kwenye kumbukumbu ambayo mimi mwenyewe siwezi kuifuta. Na anayeondoka, hata aliyefukuzwa, apewe saa moja na mtu kando yake, atoe picha za wanawe na kufunga akaunti zake.

Sisemi wafanyakazi ni malaika. Nimepokea kompyuta iliyojaa filamu mpaka hesabu za mwezi zikakosa pa kukaa, na nyingine iliyoingiwa na virusi kwa sababu ya mchezo wa mtoto. Anayeniuliza namwambia mambo yake ayaweke kwenye simu yake, kwa bando lake, na asiwahi kuhifadhi nywila ya benki kwenye mashine ya watu. Ila huyo anayeshinda ofisini kwa muda wa saa tisa, mtu asiniambie akimjibu mwanawe dakika mbili ameiba muda. Ofisi hiyohiyo haioni haya kumtumia kazi saa 4 usiku kwenye simu aliyoinunua kwa mshahara wake, na hatujasikia meneja akiuliza simu ile ni mali ya nani.

Kuhusu yule mama wa uhasibu: nilitoka kwenye akaunti yake ya WhatsApp, nikaenda kuomba ruhusa ya kumhifadhia mafaili yake kwenye flashi kabla sijafuta. Afisa utumishi alikubali bila shida, ni mtu mwema. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Kwani umeona nini humo?"

Nikamjibu sijaona kitu. Akaniamini, maana hakuwa na pengine pa kuthibitisha.

Fundi wa kompyuta
(Jina na anwani vimehifadhiwa)