Pimeni Kabla ya Kuchoma: Barua ya Wazi kwa Vijana Mafundi wa Mashine za Gemu, Mombasa

Wanangu mafundi wa Majengo, Kongowea, Likoni na Mwembe Tayari,

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Ama baada ya salamu, nawaandikia kwa sababu ya gunia nililolikuta wiki iliyopita katika karakana ya mmoja wenu, limejaa bodi za mashine za gemu na linamngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba hizo ni bodi feki, hazina mchoro wa saketi, na kwamba fundi mwenye akili hapotezi siku yake kwa kitu cha kunakiliwa. Niliomba tatu, nikapewa. Nilipozitazama nyumbani chini ya taa, niliona jambo lililonisikitisha kuliko gunia lenyewe: mbili kati ya hizo tatu zilikuwa zimeuawa na kichomeo cha kuyeyushia risasi ya kulehemu. Njia za shaba zilibanduka pamoja na miguu ya chipu, matundu yaliungua yakawa meusi, na zile chipu zilizong'olewa kwa nguvu, nilipozijaribu moja moja, karibu zote zilikuwa nzima.

Ninalotaka kuwaambia ni kwamba mkononi mwa fundi wa bodi hizi mita ya kupimia umeme hutangulia, na kichomeo huja mwisho, baada ya kosa kujulikana liko wapi.

Najua mnaidharau bodi ya kunakiliwa. Nami sitetei kunakili kazi ya watu. Waliotunga michezo ile walidhulumiwa, na sitaki kumwona mtu akichonga nakala mpya leo. Lakini nakala iliyoingia mjini miaka 30 iliyopita imekwisha kuwa mali ya mtu, na kwa fundi ina fadhila ambayo bodi ya asili mara nyingi haina. Kampuni za asili zilikuwa zikifungia kazi nyingi ndani ya chipu maalumu zisizouzwa dukani, na mnakili, kwa kuwa hakuweza kuzipata, alilazimika kuijenga kazi ileile kwa chipu za kawaida au kuizunguka kabisa. Chukueni mchezo wa Bubble Bobble wa kampuni ya Taito, wa mwaka 1986. Bodi yake ya asili ina Z80 tatu, yaani chipu za ubongo zinazoendesha programu, pamoja na chipu ndogo yenye programu yake iliyofichwa ndani, na ziko nakala zilizoiondoa chipu hiyo na mchezo ukaendelea kuchezeka. Ndiyo maana nakala huwa kubwa, imejaa chipu za jamii ya 74LS zilizopangwa safu kwa safu. Chipu hizo bado zinanunulika, na kila moja ina maelezo yanayojulikana. Yenye miguu 14, isipokuwa chache, hupokea umeme kwenye mguu wa 14 na ardhi iko mguu wa 7. Yenye miguu 16, nazo isipokuwa chache, hupokea kwenye wa 16 na ardhi iko wa 8. Fundi anayeyajua haya anaweza kuuchora mchoro anaoulilia kwa mkono wake, kipande kwa kipande.

Sasa niwasimulie ile bodi ya tatu, ambayo bahati nzuri haikuwa imeguswa.

Kabla ya kuipa umeme nilitazama ukingo wake wa kuchomeka. Nyingi ya bodi hizi hufuata JAMMA, utaratibu wa kupanga njia za plagi uliotoka Japani mwaka 1985, wenye vikanyagio 56, yaani vipande vya shaba vya kugusana na plagi, 28 kila upande. Volti 5 huingia kwenye namba 3 na 4 za pande zote mbili, volti 12 kwenye namba 6, na namba 7 ndipo unapowekwa mwanya wa kuzuia plagi isiingie kinyume. Baadhi ya bodi za kunakiliwa hazikukatwa mwanya huo. Ukiigeuza plagi, volti 12 zinaangukia namba 23 ya upande wa pili, ambayo ni njia ya kitufe cha pili cha mchezaji, na hapo chipu inayopokea vitufe haina pa kukimbilia. Basi tieni alama ya rangi kwenye plagi na kwenye bodi, kila bodi, hata kama mnajiamini.

Nilipoiwasha, mchezo ulijaribu kuanza, skrini ikazima, ikaanza tena, kila baada ya muda kama wa mtu kuvuta pumzi. Vijana wengi hapa husema Z80 imekufa, na kichomeo kinapashwa moto. Niliweka kijiti cha kupimia lojiki, ambacho taa zake huonyesha kama mguu uko juu, chini au unapigapiga, kwenye mguu wa 26 wa Z80, ambao ni mguu wa kuianzisha upya, nikaona taa ikipigapiga. Maana yake chipu ilikuwa ikirudishwa mwanzo kila mara, na kwa kuwa mchezo ulikuwa ukijaribu kuanza, haikuwa imekufa. Ndani ya bodi hizi mna mlinzi, saketi inayohesabu muda. Programu isipompa ishara kwa wakati anadhani imepotea njia na kuirudisha mwanzo. Kwa hiyo swali likawa: kwa nini programu inapotea njia?

Nikaiacha Z80, nikachukua mita. Penye plagi nilisoma volti 5.02. Kwenye mguu wa 11 wa Z80, ambao ndio mguu wake wa umeme, nilisoma 4.61. Chipu za 74LS zinataka volti 5, na zinavumilia mpaka 4.75 kwa chini. Ukishuka hapo kila kitu kinaweza kukosea, leo hiki na kesho kile, nawe utabadilisha chipu mpaka uchoke. Umeme ulikuwa ukipotea njiani, na njia yenyewe ilikuwa vikanyagio vilivyopigwa weusi na plagi za ule waya bapa unaounganisha bodi ya juu na ya chini. Sisi tunaishi pwani. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, na shaba iliyoachwa wazi hapa hutoa kutu ya kijani mapema kuliko huko bara. Nilisugua vikanyagio kwa raba ya kufutia penseli mpaka vikang'aa, nikavipangusa kwa spiriti, nikachomoa na kuchomeka ule waya bapa mara kadhaa, kisha nikapima tena: 4.96. Mchezo ukaanza na haukuzima tena. Kufikia hapo nilikuwa sijayeyusha hata tone moja la risasi.

Picha, hata hivyo, haikuwa sawa. Kila safu ya picha iliyo nyuma ya wachezaji ilijirudia kando yake, maandishi yakawa na pacha. Picha inayojirudia namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba njia moja ya anwani ya kumbukumbu haifiki. Nikafuata njia hizo kwa kijiti kutoka kwenye kumbukumbu ya picha kurudi nyuma, mguu kwa mguu, mpaka nikafika kwenye 74LS157, chipu inayochagua ipi kati ya ishara mbili ipite. Miguu yake ya 10 na 11, inayopokea, ilikuwa ikipigapiga vizuri. Mguu wa 9, unaotoa, haukuwasha taa yoyote, si ya juu wala ya chini. Katika chipu hizi chini ya volti 0.8 ni chini, juu ya 2.0 ni juu, na mguu wa kutoa unaoelea katikati bila kutikisika, ilhali ile inayoulisha inatikisika, umekufa. Niliweka 74LS157 nzima mgongoni mwake, miguu imebana miguu, nikawasha, na picha ikanyooka mbele ya macho yangu. Furaha niliyoipata pale siwezi kuwaeleza, na natamani kila mmoja wenu aionje. Kumbukeni tu kwamba mbinu hii ya mgongoni inafaa pale mguu unapoelea. Mguu uliogandishwa chini hautasikia, nanyi mtaihukumu vibaya chipu nzuri.

Hapo ndipo nilipowasha kichomeo. Nikakata miguu yote ya chipu mbovu kwa koleo ndogo, nikautoa mwili wake, kisha nikavuta mguu mmoja mmoja kwa kibano huku nikiupasha kidogo. Chipu iliyokufa haina haja ya kutoka nzima. Bodi ndiyo yenye haja hiyo. Nikaweka soketi, na chipu mpya nikaichomeka ndani yake.

Liko jambo moja jingine ambalo linaniumiza kila ninapopita karakana zenu. Zile chipu zenye kidirisha cha kioo mgongoni ndizo zilizobeba mchezo wenyewe, na mwanga huufuta. Watengenezaji wake waliandika kwamba jua la moja kwa moja laweza kuifuta chipu hiyo kwa muda wa kama wiki moja, na taa ya mrija ya chumbani kwa muda wa kama miaka mitatu. Nimeona bodi zimeanikwa barazani, karatasi za vidirisha zimebanduka, zinaangalia jua la Mombasa la saa sita. Funikeni kila kidirisha leo hii, kwa karatasi yenye gundi isiyopitisha mwanga. Na kabla ya kugusa kitu kingine, someni yaliyomo kwa kisomaji cha chipu na kuyahifadhi kwenye kompyuta, msome mara mbili; yakitofautiana, chipu imedhoofika au miguu yake ni michafu. Mradi wa MAME, programu ya kompyuta inayoiga mashine za gemu, ulioanza mwaka 1997, umehifadhi alama za hesabu, yaani namba za kutambulisha yaliyomo, za chipu za michezo mingi sana, na za nakala pia, kwa hiyo mnaweza kulinganisha. Msiihukumu chipu kuwa mbovu kwa kuwa tu haifanani na ya mchezo wa asili, kwani wanakili waliibadilisha programu na kuigawa walivyotaka.

Kwa yule kijana aliyezichoma zile mbili, ambaye ameona haya kuja kwangu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Njia zilizobanduka zinaungika kwa waya mwembamba, nami nimekwisha kuanza na moja.

Gunia lisiuzwe. Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani kwangu Kibokoni. Anayekuja aje na bodi yake, na karatasi yenye mambo matatu: volti penye plagi, volti kwenye chipu iliyo mbali kabisa na plagi, na kinachoonyeshwa na mguu wa 26 kama ni Z80. Mita niliyo nayo ni moja, kwa hiyo mwenye yake na aje nayo.

Mzee wenu,
Kibokoni, Mombasa