Yaya, volan yangu iko Kasumbalesa

Jambo yaya, kaka yangu mukubwa. Simu yangu haupokei, vokali, ule ujumbe wa sauti, unasikiliza na haujibu, basi naandika hapa mbele ya watu ju najua bibi yako anapitaka huku na atakusomea.

Ile volan, usukani wa kucheza mbio za magari kwenye kompyuta, nimeshanunua. Si ya deni, si ya kuomba mtu, ni faranga za kutengeneza kompyuta za watu Kamalondo, hapa Lubumbashi, moja moja mpaka ikafika. Ni Moza R5, ile kit inakuja na mota, duara la sentimita 28 na pedali mbili, gesi na breki, klachi wanauza pembeni. Ilitoka Johannesburg ikapanda kamyo ya mtu mwingine, na sasa imelala Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inangojea karatasi za duane, za forodha. Kamyo ya mtu mwingine, yaya. Wewe shofere wa kamyo unapita njia hiyo hiyo kila mwezi, na ulikataa kunibebea.

Tangu walinitumia picha ya sanduku silali vizuri. Nimeshapeleka kipimo kwa fundi wa kuchomelea kule Katuba, amenitengenezea fremu ya tube za chuma na kiti cha Corolla juu yake, ju ile meza yangu ya mbao mota hii itaing'oa misumari. Usiku nikimaliza kazi nakaa pale kwenye kiti, hakuna kitu mbele, naweka mikono tu nione kama urefu uko sawa, kisha nasogeza pedali za uongo za mbao mbele kidogo, nyuma kidogo. Mama ananiona na ananyamaza. Usimwambie bei.

Acha nikueleze ju haukunipa nafasi ya kueleza. Volan ya zamani ile rafiki yangu aliniazimaga ilikuwa ya meno, ndani mota ndogo inazungusha gia na gia ndiyo inazungusha duara. Inakupa mtikisiko ndiyo, lakini vitu vidogo vinapotelea kwenye yale meno, unasikia shimo la barabara lakini hausikii tairi inaanza kuchoka. Hizi mpya za direct drive duara limefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, hakuna gia, hakuna mkanda. R5 inatoa nguvu ya kuzungusha ya 5.5 Nm, kwa duara la sentimita 28 hiyo ni karibu kilo 4 zinakuvuta pale ukingoni unaposhika. Zile za meno nyingi hazifiki hata 3. Lakini si nguvu njo naitafuta, yaya. Natafuta ule wepesi.

Unakumbuka mvua ya barabara ya Kipushi, na Corolla ya papa. Uliniambia funga mdomo, sikia mikono. Ukasema volan ikikuwa nyepesi ghafla ujue mipira ya mbele imeachia, usikate zaidi, toa mguu pole pole na ungojee uzito urudi. Nilikuwa na miaka 16 na nilifanya vile ulisema na gari ikarudi kwenye njia. Sasa sikia: kwenye simulesheni nzuri kompyuta inapiga hesabu ya kitu hicho hicho. Tairi ya mbele ukiikata kona inataka kujinyoosha, ndiyo uzito ule unasikia mkononi, na ikikaribia mwisho wa kushika ule uzito unapungua kabla gari haijateleza. Mota inaleta hiyo habari kwenye vidole. Somo lako, yaya, lile lile! Tangu Corolla iliuzwa sijalisikia tena, kwa maneti ya mkononi hausikii kitu, kwa kibodi ndiyo kabisa.

Ndiyo maana ile siku siwezi kuisamehe haraka.

Mimi nilikuuliza pembeni, kwa vokali, kwa heshima, yaya ukishuka Johannesburg naomba unichukulie sanduku moja, nimeshalipa, ni kubeba tu. Ungenijibu pembeni pia. Lakini ulingoja mkutano wa harusi ya mdogo wetu, wakwe wamekaa, papa mukubwa amekaa, simu yako iko kwenye oparleri, sauti juu, katikati ya meza, na tunahesabu vinywaji, ukasema kwa sauti, "Huyu anangojea volan ya watoto na harusi haina kreti." Watu wakacheka. Yule shemeji mpya akaniangalia, kisha akaangalia chini. Na wewe ukaendelea, eti wewe uko shofere wa kweli, unavuta tani 30 za shaba, hauwezi kubeba toyi. Kreti zangu za bia ya Simba nilikuwa nimelipa zote, yaya. Zote. Komite ilikuwa na daftari, jina langu limekatwa alama. Hakuna mtu alifungua daftari siku ile, na mimi sikusema kitu ju singeweza kukujibu mbele ya wakwe, mkubwa ni mkubwa. Nikatoka nje kuangalia wapishi wanasonga bukari.

Nakuheshimu. Na ninakuogopea pia, unajua vizuri. Kutoka hapa mpaka Zambia yote, Kazungula, ao Chirundu kisha Beitbridge, siku za foleni, usingizi wa kabini. Ningekuomba upumzike, uache kuendesha usiku pale Chingola, uache kuchukua safari juu ya safari, na hela ikiingia usiigawe yote siku ya kwanza. Mimi sigawi yote siku ya kwanza, njo maana niliweza kununua, na sijawahi kukukopa. Ulivyonunua televizyo ya inchi 65 nani alikuita kwenye mkutano? Mtu mzima anaruhusiwa kupenda kitu. Mwingine anapenda njiwa, mwingine anafuata Mazembe mpaka Ndola, na hakuna mtu anawaita watoto.

Na hii haiko ya watoto. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011 kwa kucheza Gran Turismo, mchezo wa video wa magari, na 2013 timu yake ilipata nafasi ya tatu kwenye daraja la LMP2 pale Le Mans, Ufaransa, gari la kweli, masaa 24. Mwaka 2020 corona ilipofunga dunia, mwezi wa 6 walikimbia Le Mans ya kompyuta masaa 24, na Max Verstappen na Fernando Alonso, mabingwa wa Formula 1, walikuwa ndani, kila mtu kwake na volan yake. Sisemi mimi nitafika Le Mans, najua umri wangu na najua kuran ya Lubumbashi, umeme wa kukatika. Nina onduleri ya betri sasa, delestaje ikianguka, umeme ukikatwa katikati ya mbio, inanipa dakika za kumaliza mzunguko. Nasema tu kwamba kitu ambacho mikono ya Verstappen inaheshimu, mikono yangu pia inaweza kuheshimu.

Halafu kuna jambo moja ambalo nilitaka kukuambia kwa furaha siku ile, kabla ya oparleri. Ukitoka Pretoria unashuka kwa barabara ya N1 unapita Midrand. Pale karibu na njia yako kuna Kyalami, uwanja wa mbio za magari. Formula 1 ilifika pale mara ya kwanza 1967 na mara ya mwisho 1993. Uwanja huo uko ndani ya Assetto Corsa Competizione, mchezo wangu wa kompyuta, karibu kilomita 4 na nusu, na mimi nauendeshaga karibu kila usiku kuran ikiwepo, najua wapi unapanda, wapi unashuka, wapi breki ukichelewa imekwisha. Wewe umepita hapo miaka yote haujaingia hata kuangalia geti. Nilitaka unitumie picha ya ukuta tu. Na nilitaka siku moja ukikaa hapa kwangu nikuweke kwenye kiti cha Corolla, nikupe Kyalami, unifundishe tena ju najua dakika kumi tu utanipita, wewe una mikono.

Namba ya tranziteri, yule anashughulikia mizigo mpakani, nimekutumia jana. Bibi yako amesema Alhamisi unarudi kupitia Chililabombwe, kwa hiyo Kasumbalesa utasimama tu, utake usitake. Sanduku linaingia chini ya kitanda cha kabini, duane nimelipa, hakuna cha kusaini isipokuwa kupokea. Safari ile ulikataa mbele ya watu, safari hii naomba mbele ya watu: utalileta ao hautalileta? Jibu hapa hapa chini, yaya, na kama ni hapana uandike hapana nitafute wewa, mtu wa pikipiki, mwenye carrier kubwa.