Risala ya Walezi wa Wagonjwa wa Ubongo kwa Mgeni Rasmi, Wilaya ya Hai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, wazee wetu mlioketi hapo mbele, ndugu walezi,

Karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana, kwa hiyo tutasema la moyoni kwanza, maombi yafuate.

Sisi ni wake, waume, watoto na wakwe tunaowatunza watu waliopata kiharusi, wenye Parkinsoni, yaani ugonjwa wa kutetemeka, na wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wageni wakija huuliza habari za mkono uliopooza, za kutetemeka, za kusahau. Kinachotumaliza nyumbani ni kingine: mgonjwa amepoa. Haumwi popote, halii, hagombi, ila hataki kitu. Chai ya maziwa inakaa mbele yake mpaka inafanya utando. Ukimsemesha anajibu "baadaye", na hiyo baadaye haifiki. Majirani wanasema anadeka. Wengine wanasema karogwa. Na sisi wenyewe, tukiri mbele yako, wapo kati yetu waliowahi kumfokea mzazi wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipofundishwa ndipo tulipoelewa. Sehemu ya mbele ya ubongo, pamoja na viini vya ndani inavyoshirikiana navyo, ndiyo humsukuma mtu aanze jambo. Ikiumia, mtu anaweza kuwa na nguvu za mwili na asiinuke. Mwaka 1991 daktari Robert Marin wa Marekani alitoa dodoso la maswali 18 la kupima hali hii ya kupoa, ambayo Kiingereza huiita "apathy", akaitenga na sonona. Mwenye sonona anaumia moyoni. Huyu wetu mara nyingi hana hata huzuni. Kwa kuwa zote mbili zaweza kumkuta mtu mmoja, daktari apime kwanza, na hatumwambii mtu aache dawa alizoandikiwa. Ila vidonge vya sonona mara nyingi haviigusi hali hii. Mmoja wetu alivinunua miezi mingi, na mama yake akabaki vilevile kitini.

Tuna mzee mmoja, mkulima wa kahawa tangu ujana wake. Baada ya kiharusi alihamia kwenye benchi la barazani. Kila asubuhi mwanawe alimwuliza, "Baba, unataka twende shambani?" Jibu lilikuwa "hapana". Mwalimu wetu akatuambia tuliache hilo swali, maana "unataka?" inamdai mgonjwa kitu kilekile kilichoharibika. Basi kijana akaja na mkasi wa kupogolea, akauweka kwenye mkono wa baba uliobaki mzima, akavuta tawi la mbuni karibu na kumwuliza, "Baba, hapa tukate wapi?" Mzee aliliangalia lile tawi muda mrefu, tukadhani ndiyo imeishia hapo. Kisha akakata, tena si pale kijana alipoonyesha. Alikata matawi manne akachoka. Kesho yake saa ileile mkasi ukaletwa tena.

Hiyo ndiyo tiba yetu karibu yote: kazi aliyoizoea tangu zamani, imegawanywa vipande vidogo, saa isiyobadilika, na mtu wa kuanza naye. Nyimbo za kwaya nazo zinawaamsha wengi. Tumekosea pia. Bibi mmoja tulimpa midoli achezee, akaisukuma chini. Alikuwa mwalimu miaka yote, na kwa kweli alistahili kutukasirikia. Sasa anashika chaki na kusahihisha hesabu za wajukuu.

Na jambo hili si geni wilayani kwetu. Utafiti wa hapa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimenshia kwa watu 6.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baadaye vikao vya kuchangamsha akili, vilivyobuniwa Uingereza, vilijaribiwa hapa kwa wazee 34: vikao 14 ndani ya wiki 7, bila kidonge. Akili zao zilichangamka na wasiwasi ukapungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba chumba katika ofisi ya kata mara mbili kwa wiki, chenye viti vya kuegemeza mikono, kwa sababu mabenchi yanawaangusha. Tunaomba mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia kazi zake za kila siku, atufikie walau mara moja kwa mwezi. Chuo kinachowafundisha kiko Moshi, si mbali. Tunaomba pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuitambua hali hii wanapopita majumbani. Chai tutachanga wenyewe.

Mtori utakaoletewa baada ya hotuba yako, ndizi zake zimemenywa na wagonjwa wetu tangu saa moja asubuhi, moja moja. Ukikutana na kipande chenye ganda, tafadhali usimlaumu mpishi.

Naomba kuwasilisha.